Anayeuliza "itakuwaje mtandao ukikatika?": kazi ya mjaribu programu

Upo dukani kwa muuza pembejeo, mfuko wa mbolea uko miguuni pako, unalipa kwa simu. Umepiga nyota, namba na reli, umechagua kulipa, umeandika kiasi, umeingiza namba ya siri. Umebonyeza. Skrini inakaa kimya, kisha inakuambia kuna tatizo la mtandao, jaribu tena baadaye. Ujumbe wa uthibitisho haujaja. Mwenye duka anakutazama wewe, wewe unaitazama simu. Pesa imetoka au haijatoka? Ukilipa tena, utakatwa mara mbili?

Jibu la swali hilo halipatikani pale dukani. Liliamuliwa zamani, kwenye chumba fulani mjini, siku watu wanaotengeneza mfumo huo walipokuwa wanaujenga. Ama yupo mtu aliyeuliza, "Itakuwaje mtandao ukikatika katikati?", ama hakuwepo. Kama yupo, huenda aliuliza mtu ambaye kazi yake ni kuuliza hivyo kutwa nzima. Anaitwa mjaribu programu. Ofisini wengi humwita testa, na tunadhani ni kwa sababu neno mjaribu huwakumbusha wasomaji wa Biblia yule aliyemfuata Yesu jangwani.

Kila unapotuma pesa, kuangalia bei ya mazao, kusajili laini au kumpeleka mtoto kliniki ambako muuguzi anaandika kwenye tableti, kazi ya mjaribu imekugusa, imefanyika au haijafanyika. Makala hii inaeleza mtu huyu anafanya nini, na kwa nini katika timu za siku hizi amehamishwa kutoka mwisho wa foleni akawekwa mwanzo.

Timazi haisubiri ukuta uishe

Kwa miaka mingi programu zilijengwa kwa hatua zinazofuatana. Kwanza mahitaji yote yanaandikwa kwenye kitabu kinene. Halafu wachoraji wanachora. Halafu waandika programu wanaandika, pengine mwaka mzima. Mwisho kabisa kazi inapelekwa kwa wajaribu, waitafute kasoro. Mtindo huo uliitwa maporomoko ya maji, kwa sababu maji yakishashuka hatua moja hayapandi tena. Mwaka 1970 mhandisi Mmarekani Winston Royce aliuchora kwenye andiko lake, na watu wengi humtaja kama aliyeuanzisha. Ukweli ni kwamba katika andiko hilohilo alionya kuwa kuacha majaribio hadi mwisho ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Mchoro ukaenea, onyo likabaki kwenye karatasi.

Fundi yeyote wa tofali angewaambia. Akishajenga kozi mbili tatu, fundi anashusha timazi aone kama ukuta umenyooka. Akikuta umeinama kidogo, anagonga tofali moja na mambo yanaendelea. Akisubiri hadi ukuta ufike kwenye linta ndipo apime, akikuta umeinama itabidi abomoe, na saruji ya mwenye nyumba imekwenda. Katika programu ni vivyo hivyo. Kasoro iliyoonekana asubuhi ya siku ilipozaliwa hurekebishwa kwa dakika chache na mtu yuleyule aliyeiandika, maana bado anakumbuka alichokuwa anafikiri. Ikionekana baada ya miezi minane, aliyeiandika amehamia kwingine, na juu yake yamejengwa mambo mengine mia.

Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, eneo la milimani katika jimbo la Utah, Marekani. Walitoka na tamko fupi, lisilojaza hata ukurasa. Walisema wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi kuliko makaratasi. Kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango kwa upofu. Mtindo huo ukaitwa ajaili, neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi wa kugeuka, kama mchezaji anayeweza kumkwepa beki.

Kwa vitendo, timu ya ajaili ni ndogo, mara nyingi watu chini ya kumi. Inafanya kazi kwa vipindi vifupi, wiki mbili hivi, na kwa kawaida havizidi mwezi. Kila kipindi kinatakiwa kimalizike na kipande cha programu kinachofanya kazi kweli, hata kama ni kidogo. Kila asubuhi timu inasimama dakika kama 15: jana tumefika wapi, leo tunafanya nini, nini kimetukwamisha. Katika mpangilio huo hakuna tena ule mwisho ambapo mjaribu alikuwa anasubiri. Kila wiki mbili ni mwisho, na kila wiki mbili ni mwanzo. Kwa hiyo ilibidi ahamie ndani ya chumba.

Anaanza kufanya kazi kabla hakijaandikwa kitu

Tuchukue mfano wa kufikirika, lakini ambao mkulima wa pamba ataufahamu. Chama cha msingi kinataka mfumo wa kupokea pamba. Mkulima akileta mzigo, karani anapima, anaandika kwenye simu, na mkulima anapata ujumbe mfupi wenye kilo na kiasi cha pesa atakacholipwa. Timu ina watu sita: msimamizi wa bidhaa, ambaye ndiye sauti ya mteja, waandika programu wanne na mjaribu mmoja.

Siku ya kwanza ya kipindi, msimamizi analeta ombi lililoandikwa kwa sentensi moja: mkulima akipimiwa, apate ujumbe wenye kilo na malipo. Waandika programu wanatikisa vichwa, hilo rahisi, siku mbili limeisha. Hapo ndipo mjaribu anapofungua mdomo.

Mkulima akiitwa Ng'washi itakuwaje? Swali linaonekana la utani. Lakini ile alama ndogo ya juu iliyopo baada ya g ni alama ambayo lugha ya hifadhidata huitumia kufungia maneno. Mfumo ulioandikwa bila uangalifu ukiiona hudhani jina limeishia kwenye Ng, kisha hugoma au huharibu kumbukumbu. Mtu aliyekulia mahali ambapo majina hayo hayapo anaweza kujenga mfumo mzima bila kuligundua jambo hilo. Kwenye eneo la pamba, karani angeligundua kabla ya saa nne asubuhi, siku ya kwanza ya msimu.

Mume na mke wote ni wanachama, kila mmoja ana shamba lake, nyumba ina simu moja. Je, mfumo utakubali namba moja kwa watu wawili? Mwandika programu kwa mazoea ameweka kwamba namba haijirudii, maana alivyozoea yeye kila mtu ana simu yake. Na yule ambaye laini yake ililala muda mrefu, mtandao ukaifunga na baadaye ukampa mtu mwingine namba hiyo? Ujumbe wa malipo utakwenda kwa mgeni kabisa.

Karani ataandika nusu kilo vipi? Wengine huandika 45.5, wengine 45,5. Mfumo ukiidharau ile alama ya mkato, kilo 45 na nusu zinageuka kilo 455, na chama kinalipa pesa ambayo haipo.

Ujumbe una herufi ngapi? Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi, unakatwa na kulipiwa kama miwili, na mwenye simu ya kitochi anaweza kusoma kipande cha pili kabla ya cha kwanza. Menyu ya nyota na reli nayo ina kikomo chake, herufi 182 kwa skrini. Kiswahili kina maneno marefu kuliko Kiingereza, kwa hiyo menyu iliyotosha ilipoandikwa kwa Kiingereza inaweza kukatika njiani ikitafsiriwa, na kinachokatika ni yale machaguo ya mwisho, ambako mara nyingi ndiko "ghairi" huwekwa.

Na saa je? Timu inataka mfumo uwaambie wakulima siku ya kuleta mzigo: "Fika kituoni kesho saa 8:00." Mwandika programu amekusudia asubuhi, kama saa ya kompyuta inavyosema. Mkulima anasoma saa nane. Anafika mchana, mzani umefungwa. Hakuna mashine itakayolalamika hapo. Programu imefanya kila ilichoambiwa. Kasoro hii haimo ndani ya programu, imo kati ya programu na mtu, na ni mjaribu anayejua jinsi watu wanavyohesabu saa ndiye atakayeiona.

Angalia kwamba hadi hapa hakuna hata mstari mmoja wa programu ulioandikwa. Mazungumzo haya ya mwanzo, kati ya anayejua mteja anataka nini, anayejua kujenga na anayejua mambo yanavyoharibika, ndiyo kiini cha kazi ya mjaribu katika ajaili. Majibu yanaandikwa kama masharti: kazi hii itahesabika imekwisha pale tu ambapo Ng'washi anasajiliwa bila shida, namba moja inakubali wanachama wawili, ujumbe hauzidi herufi 160, na saa inaandikwa "saa 2 asubuhi". Mwandika programu naye anashukuru, akiwa mkweli, kwa sababu sasa anajua anajenga nini.

Mashine inarudia, mtu anashangaa

Baada ya hapo kazi inagawanyika pande mbili.

Upande wa kwanza ni majaribio yanayofanywa na mashine. Timu inaandika vijiprogramu vidogo ambavyo kazi yake ni kuijaribu programu kubwa: sajili mkulima huyu, pima kilo hizi, angalia kama malipo yanalingana. Vinaweza kuwa mamia, na vyote hukimbia kwa dakika chache kila mara mtu anapobadilisha kitu. Faida yake ni kukamata ugonjwa mmoja unaojulikana na kila fundi wa pikipiki: umetengeneza breki, taa imezima. Katika programu, kurekebisha ujumbe kunaweza kuvunja hesabu ya kilo ambayo hakuna aliyeigusa. Bila mashine ingebidi mtu ajaribu upya kila kitu kila wiki mbili, na hakuna binadamu atakayeweza bila kuruka mambo.

Kent Beck, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wale 17 wa Snowbird, alikwishalisukuma jambo hili mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1999. Alipendekeza mwandika programu aandike jaribio kwanza, alione linashindwa, ndipo aandike programu itakayolifanya lifaulu. Kwa wengi ilionekana kama kushona mfuko kabla ya shati. Leo timu nyingi zinafanya hivyo, angalau kwenye sehemu nyeti kama za pesa.

Upande wa pili ni wa mtu. Mashine huangalia kile tu ilichoagizwa. Haiwezi kushangaa. Mjaribu anakaa na simu, tena si simu mpya ya ofisini bali kiswaswadu kilichopasuka kioo, na anaitumia programu kama ambavyo mtu wa kweli angeitumia. Anabonyeza mara mbili. Anarudi nyuma katikati ya malipo. Anazima simu. Anaiacha menyu mpaka ifungwe na mtandao wenyewe. Anaweka tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa miaka 97. Anaandika kiasi sifuri. Anatoka nje kwenye jua aone kama maandishi bado yanasomeka. Akikuta jambo la ajabu, analifuata kama mfuatiliaji wa nyayo, mpaka ajue linaanzia wapi, kisha analiandika hivi: nimefanya hivi na hivi, nilitegemea hivi, kimetokea hiki.

Uandishi huo una adabu yake. Mjaribu mzuri hasemi "umekosea". Anasema "nikifanya hivi, inatokea hivi". Timu ndogo inayokaa chumba kimoja haiwezi kudumu ikiwa mmoja wao ni polisi.

Mbona wengine wanasema hahitajiki?

Hapa pana ubishi wa kweli, na ni haki msomaji aujue.

Mwongozo wa skramu, ambao ndio utaratibu maarufu kuliko yote ya ajaili, hautaji mjaribu kabisa. Una mwenye bidhaa, una msimamizi wa utaratibu, na una waendelezaji. Basi. Wazo lake ni kwamba ubora ni jukumu la timu nzima, na asiwepo mtu wa kusukumiwa lawama. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliunganisha kazi za wajaribu na za waandika programu katika vitengo vyake vikubwa. Wapo wanaosema mashine za kujaribu zimekuwa nzuri kiasi kwamba mtu wa pekee wa kazi hiyo ni gharama tu.

Kwa upande mwingine wapo waliotetea nafasi hiyo kwa kuieleza upya. Lisa Crispin na Janet Gregory, katika kitabu chao cha mwaka 2009 kuhusu majaribio ndani ya timu za ajaili, walikubali kwamba timu nzima inawajibika, lakini wakaonyesha kwamba timu hiyo bado inahitaji mtu mwenye jicho hilo, anayewafundisha wenzake kuuliza na anayemsemea mtumiaji.

Sisi tunaona hoja ya pili ina uzito zaidi, hasa kwa mifumo ya pesa. Ng'ombe wa wote hulala na njaa. Aliyejenga kitu huamini kwamba kinafanya kazi, si kwa kiburi, bali kwa sababu anajua kinavyotakiwa kutumika na anakitumia hivyohivyo. Mama asiyejua kusoma vizuri, anayekumbuka menyu kwa kuhesabu vidole, hatakitumia hivyo. Bila mtu wa kumkumbuka mama huyo kila asubuhi, atakumbukwa siku ya malalamiko.

Ipo pia hila moja ambayo wajaribu wenyewe hulalamikia popote walipo. Kampuni inasema imehamia ajaili, ina vikao vya kusimama na vikaratasi vya rangi ukutani, lakini waandika programu wanamaliza kazi siku ya Alhamisi jioni na mjaribu anapewa Ijumaa, bidhaa itoke Jumatatu. Hayo ni maporomoko yaleyale, yamefanywa madogo yakajirudia kila wiki mbili. Ubaya wake ni kwamba mjaribu akisema "bado haijakaa sawa", yeye ndiye anayeonekana anachelewesha safari.

Wenye maduka ya posta wa Uingereza

Kama unadhani haya ni mambo ya watu wa ofisini, kuna kisa cha Uingereza ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha wakala atakielewa bila kufafanuliwa.

Vijijini Uingereza, huduma za posta hutolewa sana na wenye maduka. Mtu ana duka lake la bidhaa, na ndani yake kuna dirisha la posta: anapokea pesa, analipa pensheni, anauza stempu. Mkataba uliwabana kufidia upungufu wa pesa. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta liliwafungia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu ya Japani. Jioni mwenye duka akifunga hesabu, mfumo ulikuwa unamwambia kuna pesa zimepungua. Anahesabu tena, zimepungua. Anapiga simu ya msaada. Wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Halikuwa lao peke yao. Kasoro mojawapo ilipewa jina la kijiji cha Dalmellington, huko Scotland. Mwaka 2015 mwenye dirisha alikuwa anapokea kwenye mfumo pauni 8,000 zilizohamishwa kutoka tawi kuu. Alibonyeza kuthibitisha, skrini haikubadilika. Akabonyeza tena, na tena, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kila mbonyezo ulirekodiwa kama pesa mpya iliyoingia. Kwenye vitabu vya mfumo akawa na pauni 24,000 zaidi ya zile zilizokuwa mkononi, na anatakiwa azionyeshe.

Kwa bahati, kasoro hiyo ilitambuliwa. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuharibu maisha ya watu. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu katika kesi zilizotegemea takwimu za Horizon. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba, waliokimbiwa na wateja na majirani. Kundi la watu 555 likiongozwa na Alan Bates lilikwenda mahakamani, na mwaka 2019 jaji akakubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta nyingine kwa mamia.

Ingekuwa uongo kusema mjaribu mmoja hodari angezuia yote hayo. Tatizo kubwa lilikuwa la wakubwa waliokataa kuamini kwamba kompyuta inaweza kukosea. Lakini "itakuwaje akibonyeza mara mbili?" ni miongoni mwa maswali ya kwanza kabisa ambayo mjaribu hufundishwa kuuliza. Na dawa yake inajulikana: kila ombi la pesa linapewa namba yake ya pekee, kama karatasi ya kitabu cha risiti. Ombi lenye namba ileile likifika mara ya pili, mfumo unajibu kwamba hilo limeshapokelewa, na hauandiki kitu.

Thika, mwaka 2005

Mfano wa upande wa pili uko karibu nasi. Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 na wateja wachache, takribani 500, Nairobi na Thika, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Mpango wa awali ulikuwa watu wapokee mikopo na kuirejesha kwa simu. Waliokuwa wanaendesha jaribio walikaa na watumiaji, wakawatazama wakibonyeza, wakasikiliza walichokosea.

Walichokiona hakikuwa kwenye mpango. Watu walikuwa wanatumiana pesa wao kwa wao, wanamtumia ndugu, wanalipana biashara kwa biashara. Kurejesha mkopo likawa jambo dogo. Huduma ilipozinduliwa ilitangazwa kwa wazo moja jepesi, tuma pesa nyumbani. Tanzania ikaifuata mwaka 2008 kupitia Vodacom.

Timu ile haikujiita ya ajaili kwenye matangazo, lakini kitendo ndicho hicho: weka kitu kidogo mikononi mwa watu halisi mapema, angalia, kisha badilisha. Kujaribu hakukuonyesha kasoro tu. Kulionyesha bidhaa yenyewe ilikuwa nini.

Wewe mwenye simu

Rudi dukani kwenye mfuko wa mbolea. Kama mfumo umejengwa na watu waliouliza, muamala uliokatika katikati ama umekamilika wote, ama haukufanyika kabisa, hauwezi kubaki nusu. Lakini ukipiga upya nyota na reli, unaanzisha ombi jipya lenye namba mpya, na mfumo hauna namna ya kujua kwamba ni kitu kilekile. Mifumo mingine hukataa kiasi kilekile kwenda namba ileile ndani ya dakika chache, mingine haikatai. Kwa hiyo angalia salio kwanza, au muamala wa mwisho, kabla ya kulipa tena. Mwenye duka avumilie dakika mbili.

Ukikutana na kasoro, namna unavyoieleza ndiyo inayoamua kama itarekebishwa. "Programu yenu mbovu" haimsaidii mtu, hata kama ni kweli. Anayepokea malalamiko anahitaji kujua: siku na saa, kwa hesabu ya asubuhi au jioni, aina ya simu, mtandao gani, ulibonyeza nini, kwa mfuatano, skrini iliandika nini hasa, na kama ilitokea mara moja au kila ukijaribu. Kama una simu ya kupiga picha skrini, ipige. Usifute ujumbe. Piga namba rasmi ya huduma kwa wateja au nenda duka la mtandao wako. Namba ya siri haihusiki popote katika maelezo hayo, na anayekuomba namba hiyo akidai anatafuta kasoro ni mwizi.

Kwa kijana anayeuliza kama hii ni kazi anayoweza kuipata: inawezekana, na si lazima aanze kwa kujua kuandika programu, ingawa itafaa ajifunze baadaye ili aweze kuzipa mashine kazi ya kurudia. Upo mtihani wa kimataifa wa ngazi ya msingi chini ya ISTQB, bodi iliyoundwa mwaka 2002, na mtaala wake unapatikana bure kwenye intaneti. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye simu moja, anayejua saa mbili ni saa ngapi na jina la Ng'washi linaandikwaje, ana jambo ambalo timu nyingi za mjini hazina.

Malalamiko yako yakifika kwenye timu inayofanya kazi kwa mtindo huu, huandikwa kwenye karatasi moja na kuwekwa ukutani pamoja na kazi nyingine za wiki. Kitu cha kwanza mjaribu anachofanya ni kutafuta simu kama yako na kujaribu kukosea kama wewe. Akifaulu, kasoro imepatikana. Asipofaulu, karatasi inarudishwa na maneno mawili ambayo wajaribu hawayapendi: haijirudii. Karatasi nyingi za namna hiyo ziko hapo kwa sababu aliyelalamika hakutaja saa.